Apolo Kagwa na Moto wa Namirembe

Kila niwapo Eldoret nikaona malori yakishika njia ya Malaba kwenda Uganda, humkumbuka Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliyefariki Nairobi mwaka 1927, mbali na kilima alichokitolea jasho.

Msomaji asishangae kuniona mimi, mtu wa pwani niliyelelewa chuoni kwa msahafu, nikimwandika mtu huyu. Katika vita vya 1889 aliwaongoza Wakristo dhidi ya Kabaka Kalema, Mwislamu mwenzangu. Lakini haki ya maiti ni kutajwa kwa ukweli.

Moto aliujua mapema. Mwaka 1886 alikuwa kijana mtumishi katika ua wa Kabaka Mwanga. Wenziwe walipochomwa hai kule Namugongo, yeye alipigwa vibaya, akaachwa na roho yake. Baada ya miaka mitatu akawa Katikiro, cheo alichokishika hadi 1926. Tangu 1897 hadi 1914 alikuwa pia mmoja wa walezi watatu walioshika nchi kwa niaba ya Daudi Chwa, aliyerithi kiti angali mtoto mchanga.

Katika zama zake, juu ya kilima cha Namirembe, lilijengwa kanisa kuu la matofali, likawekwa wakfu mwaka 1904. Machifu na wake zao, watu wa kubebewa, walijitwika matofali vichwani. Ila paa liliezekwa kwa nyasi. Septemba 1910 radi ilipiga, moto ukashika, kazi ya miaka ikawa majivu kwa siku moja.

Wahenga husema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Waganda walishtuka, lakini hawakukimbia. Kati ya 1915 na 1919, dunia ikiwa vitani, walijenga upya kwa ramani ya Temple Moore wa London. Safari hii paa la vigae, na kuba juu yake. Nyasi hazikurudi.

Kagwa hakuwa malaika. Alipenda madaraka, na mwisho alikorofishana na maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakimpita na kuwaamrisha machifu wake, akajiuzulu. Lakini mimi nimejifunza kwake jambo moja: anayejenga upya baada ya moto airudishe nyumba, wala asiirudishe kasoro yake.