Yunus Nadi na Gazeti la Jamhuri

Neno Jamhuri si geni kwa wasomaji wetu. Waturuki nao wanalo, maana walilichota katika kisima kile kile cha Kiarabu, ila wao hulitamka Cumhuriyet. Hilo ndilo jina la gazeti la kila siku lililotoka mara ya kwanza mjini Istanbul tarehe 7 Mei 1924, na mwenye gazeti alikuwa Bwana Yunus Nadi. Sisi tulio katika kazi hii hii hatuwezi kuyatazama maisha yake pasipo kujiuliza maswali.

Alizaliwa mwaka 1879 huko Fethiye, katika pwani ya kusini-magharibi. Ujana wake ulikuwa zama za Sultani Abdülhamid II, wakati ambapo wakaguzi wa serikali waliyachungulia magazeti neno kwa neno. Nadi alianza kuandika angali kijana, na haukupita muda akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu katika ngome ya kisiwa cha Midilli. Mapinduzi ya mwaka 1908 yaliporudisha katiba, alirejea katika kazi ya uandishi, na baadaye akaingia bungeni.

Mwaka 1918 alianzisha gazeti la Yeni Gün, yaani Siku Mpya. Machi 1920 majeshi ya Uingereza na wenzake yaliushika rasmi mji wa Istanbul, naye akatoroka kwenda Ankara kwa Mustafa Kemal. Alisafiri pamoja na mwandishi mashuhuri Bibi Halide Edib, na njiani, katika kituo cha reli, wakashauriana juu ya kuanzisha shirika la habari, ili watu wa Anatolia wasitegemee habari za adui zao. Tarehe 6 Aprili 1920 likazaliwa Shirika la Anadolu, ambalo lingali likifanya kazi hata leo. Yeni Gün nalo likaanza kupigwa chapa Ankara. Tarehe 29 Oktoba 1923, Bunge lilipotangaza Jamhuri, Nadi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya katiba.

Basi mwaka uliofuata akarudi Istanbul kuanzisha gazeti jipya, na jina lake akapewa na Mustafa Kemal mwenyewe. Mmoja wa waliolianzisha pamoja naye ni Bwana Zekeriya Sertel, ambaye hakukaa sana, akaenda zake kufanya kazi kwingine.

Machi 1925, kwa sababu ya uasi uliozuka mashariki, ilitungwa sheria ya kulinda utulivu, na magazeti mengi yakafungwa. Cumhuriyet halikuguswa. Sertel alipelekwa mbele ya mahakama maalumu, akahamishiwa Sinop kwa nguvu. Nadi, aliyepata kuonja ngome ya Midilli kwa ajili ya maandishi, sasa alikuwa upande wa wenye funguo. Hatusemi kwamba aliuza kalamu yake. Aliiamini Jamhuri kwa moyo wote. Lakini twaona ugumu wa kuwasamehe waliofungwa vinywa kwa jina la jambo jema.

Kazi iliyowatoa jasho wapiga chapa ilikuja mwaka 1928. Sheria ya tarehe 1 Novemba iliondoa herufi za Kiarabu na kuweka za Kilatini, na kuanzia tarehe 1 Desemba magazeti yote yalipaswa kutumia herufi mpya. Mwezi mmoja tu! Mpanga herufi aliyezoea tangu utotoni kwenda kutoka kulia hadi kushoto alilazimika kuigeuza mikono yake. Msomaji wa jana akawa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na wengi wakaacha kununua, hata serikali ikabidi iyasaidie magazeti kwa fedha. Kiswahili chetu nacho kilitoka katika herufi za Kiarabu, ila hicho hakikuamriwa kuhama kwa mwezi mmoja.

Nadi alifariki Geneva tarehe 28 Juni 1945, na mwanawe, Nadir Nadi, akashika uhariri. Desemba 4 mwaka huo huo, kundi la watu liliivamia na kuivunja mitambo ya gazeti la Tan mjini Istanbul, gazeti la Zekeriya Sertel na mkewe Sabiha. Waliofikishwa mahakamani ni Sertel na mkewe.