Mfahamu Chesley Bonestell, mzee aliyechora sayari kabla ya roketi kufika

Vijana wanaotengeneza picha za sayari kwa kompyuta siku hizi ni wengi. Wanafungua Blender au Terragen, wanapanga milima, wanaweka jua upande mmoja, halafu wanaiacha mashine ikokotoe picha usiku kucha. Wenyewe wanaita kurenda.

Kazi hiyo ina babu yake, na huyo babu hakugusa kompyuta. Alikuwa na brashi, rula na hesabu. Jina lake Chesley Bonestell, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco tarehe 1 Januari 1888.

Alichomwa na moto wa anga akiwa na miaka 17. Mwaka 1905 alipanda Mlima Hamilton, California, hadi kituo cha darubini cha Lick. Huko alichungulia Mwezi, kisha akaonyeshwa Zohali na pete zake. Aliporudi nyumbani akaichora. Picha hiyo haipo tena: iliteketea kwenye moto uliofuata tetemeko la Aprili 1906, lililoangamiza sehemu kubwa ya mji wake.

Baada ya hapo anga ilikaa pembeni kwa karibu miaka 40. Alienda kusoma usanifu majengo Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akaacha bila kumaliza. Lakini mkono wake ulikuwa mzuri, na wasanifu walimtafuta awachoree majengo ambayo bado hayajajengwa, ili wenye pesa na wananchi waone yatakavyokuwa. Alishiriki kwenye sura ya nje ya jengo la Chrysler la New York. Daraja la Golden Gate nalo, kabla halijafunguliwa 1937, watu waliliona kwenye michoro yake.

Hapo ndipo alipojifunza kuchora kitu ambacho hakipo kikaonekana kipo.

Mwisho wa miaka ya 1930, akiwa na miaka 50 hivi, akahamia Hollywood. Wakati huo kama filamu inahitaji mji mzima wa kale, hawaujengi wote. Wanajenga kipande, sehemu iliyobaki inachorwa, kisha vinaunganishwa kwenye kamera. Bonestell alifanya kazi hiyo kwenye The Hunchback of Notre Dame ya 1939 na Citizen Kane ya 1941, miongoni mwa nyingine.

Filamu zilimfundisha jambo moja kubwa: kamera ikihama, kila kitu kwenye picha kinabadilika ukubwa na pembe, na mabadiliko hayo yanahesabika. Akajiuliza, je, kamera hiyo ukiipeleka kwenye miezi ya Zohali?

Hesabu yenyewe si ngumu, jaribu uone. Mwezi wetu ukiutazama kutoka duniani unachukua kama nusu digrii ya anga. Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, uko kilomita milioni 1.2 hivi kutoka kwenye sayari hiyo. Ukisimama hapo, Zohali ingekuwa na upana wa digrii kama 5 na nusu, yaani mara 11 ya Mwezi wetu. Sasa hamia Mimas, ulio umbali wa kilomita 185,000 hivi. Zohali inafika digrii 36 au zaidi. Inaziba anga!

Tarehe 29 Mei 1944, jarida la Life likachapa michoro yake ya Zohali inavyoonekana kutoka kwenye miezi yake. Vita vya dunia bado vinaendelea, watu wanafungua jarida wanakuta kama picha iliyopigwa na mpiga picha aliyesimama huko. Ya Titan ndiyo iliyopendwa kuliko zote: miamba, barafu, anga ya bluu, na Zohali imening'inia juu.

Mbinu zake zilikuwa za fundi. Alifinyanga vilima vidogo kwa udongo laini, akavimulika kwa taa moja kama jua, akavipiga picha, ndipo akapaka rangi. Mtu wa 3D akisoma hapo atacheka, maana ni yale yale: umbo, taa, kamera, rangi.

Mwaka 1949 alitoa kitabu The Conquest of Space pamoja na mwandishi Willy Ley. Kuanzia Machi 1952 jarida la Collier's likaanza mfululizo wa makala za safari za anga, na Wernher von Braun, mhandisi wa roketi kutoka Ujerumani, alikuwa kinara wake. Von Braun alikuwa akimpelekea Bonestell michoro ya vyombo, na ilikuwa inarudi na maswali mazito na ukosoaji pale ambapo kitu hakikai sawa. Mchoraji anamsahihisha mhandisi! Von Braun mwenyewe alilisimulia hilo kwa heshima.

Wamarekani wengi walianza kuamini safari ya Mwezini kwa kuona picha hizo, sio kwa kusoma hesabu za roketi. Na hapa ndipo penye utata.

Mwaka 1957 makumbusho ya sayansi ya Boston yaliweka ukutani mchoro wake mkubwa wa uso wa Mwezi, upana mita 12, kimo mita 3. Milima yake ilikuwa mirefu, yenye ncha kali kama visu. Haikuwa ajabu wakati ule. Mwezini hakuna mvua wala upepo, kwa hiyo wengi walidhani hakuna cha kuilainisha milima. Tena jua likiwa chini, vivuli vya Mwezini huwa virefu sana, na jicho linadhani milima ni mikali.

Julai 1969 Apollo 11 ikatua. Picha za safari za Apollo zikaonyesha vilima vya mviringo, kama vichuguu vilivyonyeshewa. Vimondo vikubwa na vidogo mno vimekuwa vikiupiga Mwezi kwa mabilioni ya miaka na kuusaga. Mwaka 1970 mchoro wa Boston ukashushwa ukutani. Mzee alikuwa hai, ana miaka 82. Baadaye ulihamia makumbusho ya anga ya Smithsonian.

Titan nayo ikamgeukia. Chombo Huygens kilipotua huko tarehe 14 Januari 2005 kilikuta ukungu mzito wa rangi ya chungwa. Kwa macho yetu Zohali haionekani ukiwa ardhini. Ukubwa alioukokotoa ulikuwa sahihi, ila anga aliikisia.

Kwa maoni yangu kuushusha ule wa Boston ilikuwa haraka mno. Kilichohesabika alikihesabu vizuri. Sura ya mlima hakuihesabu, alichagua iliyopendeza.

Uchaguzi huo bado upo hata kwenye kompyuta. Mwaka 1980, Bonestell akiwa na miaka 92, Loren Carpenter, aliyekuwa akifanya kazi Boeing, alionyesha filamu fupi ya milima iliyotengenezwa na kompyuta. Unachukua pembetatu, unaigawa, unazisukuma kona juu na chini kwa bahati nasibu, unagawa tena na tena. Programu nyingi za mandhari zimejengwa juu ya wazo hilo. Ukiiacha mashine ifanye yenyewe, milima hutoka na ncha kali, za kutisha, zinazofanana sana na zile za Boston. Kuisaga ni amri nyingine, na lazima mtu aichague.

Bonestell alioa mara nne, mara mbili kwa mwanamke yuleyule, Mary Hilton. Siku hizi kuna shimo la kimondo kwenye sayari ya Mirihi lenye jina lake, na sayari ndogo namba 3129 pia.

Alifariki Juni 1986 mjini Carmel, California, akiwa na miaka 98. Kwenye stendi yake ya kuchorea kulikuwa na picha ambayo hakuimaliza.