Maisha ya Jenerali China



Huenda umewahi kuwasikia wazee wakitaja Keya. Keya lilikuwa jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, waliandikishwa humo. Sasa soma habari za mmoja wao. Jina lake ni Waruhiu Itote, lakini watu wengi walimjua kwa jina la Jenerali China.

1. Kijana wa Nyeri

Itote alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Nyeri, nchini Kenya. Wazazi wake walikuwa wakulima. Elimu aliyoipata shuleni ilikuwa ndogo. Alipokuwa kijana alikwenda Nairobi kutafuta maisha, akafanya biashara ya mboga pamoja na wenzake.

Wakati huo Kenya ilitawaliwa na Waingereza. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi nyingi nzuri. Wenyeji wengi waliishi katika ardhi hiyo kama vibarua.

2. Vita vya Burma

Mwaka 1942 Itote aliingia Keya. Alipelekwa ng'ambo ya bahari, mpaka Burma, kupigana na Wajapani. Vita vilipiganwa msituni, katika mvua na matope. Itote alipanda cheo akawa koplo.

Huko Burma alijifunza mambo mawili. Jambo la kwanza ni namna ya kupigana vita vya msituni. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Aliona kwamba risasi haichagui rangi ya mtu. Pia alikutana na Wahindi waliotaka nchi yao iwe huru. Akaanza kujiuliza: mimi ninapigania uhuru wa nani?

3. Msituni Mlima Kenya

Vita vilikwisha mwaka 1945. Itote alirudi nyumbani, akafanya kazi ya kuchochea moto katika injini za treni. Askari Waafrika waliorudi hawakupewa ardhi. Walowezi ndio waliopewa.

Itote aliingia katika chama cha siasa, na baadaye akala kiapo cha Mau Mau. Mwaka 1952 alikwenda msituni. Aliongoza wapiganaji wa upande wa Mlima Kenya, akaitwa Jenerali China. Upande wa milima ya Nyandarua kiongozi alikuwa Dedan Kimathi.

Wewe unayeishi Mpuguso unaujua Mlima Rungwe, mvua yake, baridi yake na mianzi yake. Mlima Kenya una misitu ya namna hiyo, lakini urefu wake unapita mita 5,000. Watu hao waliishi humo miezi mingi, wakipata chakula kwa siri kutoka vijijini.

4. Hukumu ya kifo

Tarehe 15 Januari 1954 Itote alijeruhiwa na kukamatwa. Alipelekwa mahakamani, akahukumiwa kunyongwa.

Kisha Waingereza wakamtaka awaandikie viongozi waliokuwa msituni ili wakubali kuzungumza habari za amani. Itote alikubali. Barua zikaandikwa. Baadhi ya wapiganaji walitaka kuzungumza. Wengine walimlaumu, wakisema amenunuliwa. Mwezi wa Aprili mpango ule ulivunjika, na vita vikaendelea. Itote hakunyongwa, bali alipelekwa kifungoni.

5. Mwanafunzi gerezani

Alipelekwa Lokitaung, mahali pakavu na pa joto kali kaskazini mwa Kenya. Humo alimkuta Mzee Jomo Kenyatta, naye akiwa mfungwa. Mzee Kenyatta alimfundisha kusoma na kuandika Kiingereza.

Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Itote alikuwa mtu mzima, mwenye umri wa miaka zaidi ya 30. Alikuwa ameongoza maelfu ya watu vitani. Lakini hakuona aibu kuketi kama mwanafunzi. Elimu ile ilimfaa baadaye. Mwaka 1967 kilitolewa kitabu chake kinachoeleza maisha yake na vita vya Mau Mau.

6. Kazi ya kujenga nchi

Itote aliachiliwa mwaka 1962. Alipata mafunzo ya uofisa huko Israeli. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963.

Mwaka 1964 serikali ya Kenya ilianzisha jeshi la vijana wa kujenga taifa. Lilifanana na Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1963. Itote alikuwa mmoja wa viongozi wake. Vijana wengi hawakuwa na kazi. Katika jeshi hilo walijenga barabara, walilima, na walijifunza ufundi. Mtu aliyezoea kuamuru watu vitani sasa aliwaongoza vijana kushika sururu na jembe. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1984. Alifariki mwaka 1993.

7. Tunajifunza nini?

Ushujaa wa vitani una mwisho, kwa sababu vita vina mwisho. Baada ya vita watu huhitaji barabara, chakula na ufundi. Itote alijua kupigana, lakini alikubali pia kujifunza na kufundisha. Nawe umekwisha kujua kusoma. Usiiache elimu hiyo ilale. Itumie nyumbani kwako, shambani na kijijini.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Itote alijifunza nini huko Burma?
2. Nani alimfundisha Kiingereza, na wapi?
3. Je, alifanya vyema kukubali kuandika barua za amani? Toeni sababu zenu.
4. Waulizeni wazee wa kijiji: ni nani aliyekuwa Keya, na aliporudi alifanya kazi gani?