Christopher Strachey: mwalimu wa shule aliyefundisha mashine

Christopher Strachey alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1916, mu jamaa ya watu wa vitabu. Alisoma Cambridge, lakini akili yake ikachoka na diploma yake haikukuwa ya juu. Kisha vita ya 1939-1945 alikuwa paka mwalimu wa shule. Mwaka 1951 akaanza kuandikia ordinatere programu ya muchezo wa dame, na mwaka 1952 akaacha shule.

Mwaka 1962 akarudia Cambridge. Kule, pamoja na wenzake wa London, walikuwa wanatengeneza luga mupya ya programu, CPL. Walitaka iweze kufanya kila kitu. Kwa kusaidia kuandika mutafsiri wa ile luga, Strachey akatengeneza chombo kidogo, GPM, na akakitangaza mwaka 1965. Kazi ya GPM ni makro.

Makro ni nini? Kapita akisema neno moja, boisage, ekipe yote inajua: leta miti, kata, simamisha, kaza. Na makro ni vile: unaandika neno fupi, chombo kinaweka maneno mengi pa nafasi yake. Mu GPM, makro iliweza kuita makro ingine, na hata kuizaa.

Hapa njo kuko swali: nguvu kama hii iingie ndani ya luga yenyewe, ao ibakie inje? Watu wa luga ya Lisp waliiingiza ndani tangu 1963. Strachey aliacha yake inje, na hakuficha hatari yake: alikubali kwamba GPM inasaidia sana mutu anayekwenda moja kwa moja ku kazi, lakini kwa fundi anayependa ufundi mwingi ni mutego. Kosa likitokea, unatafuta mu maandiko ambayo hakuna mutu aliyaandika.

CPL yenyewe ilikuwa kubwa mno, haikumalizika. Lakini mwaka 1967 Martin Richards aliipunguza, akatoa BCPL. Ile ikazaa B, na B ikazaa C. Makro za C ni nyepesi, zinafanyika mbele luga yenyewe haijaanza kutafsiriwa. GPM nayo iliacha mutoto, m4, ya 1977, chombo cha kusimama peke yake. C na m4 zinatumika mpaka leo.

Strachey alifundisha Oxford na akafa mwaka 1975, na miaka 58. Mabishano yangali, lakini luga ile kubwa haitumiki tena. Ile ndogo njo inafanya kazi.