Krismasi ya Pili ya Peter Scott

Mchungaji aliponiomba niandike ukurasa huu wa Krismasi, mara ya kwanza nilikataa. Wengi wenu mlikuwa nasi mwezi wa kumi na moja tulipomzika ndugu yangu mdogo. Mlichanga, mkakesha nasi Kaptembwa mvua ikinyesha, Mungu awabariki. Lakini kuandika juu ya furaha saa hii, moyo ulikuwa umegoma. Kisha nikamkumbuka Peter Cameron Scott, nikaona afadhali niwape habari zake.

Ndugu zetu wa AIC wanamjua vizuri kwa sababu ndiye aliyeanzisha Africa Inland Mission. Sisi Wapentekoste hatumtaji sana, na hapo nafikiri tumekosea.

Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka wa 1867, na akiwa bado kijana familia yao ikahamia Philadelphia, Marekani. Alikuwa na sauti tamu na ndoto yake ilikuwa kuimba opera. Inasimuliwa kwamba uamuzi ulimkuta akiwa kwenye ngazi za jumba la opera, anaenda kuomba nafasi. Akageuka, akarudi zake. Vijana wa kwaya, hapo mtajaza wenyewe.

Mwaka wa 1890 akatumwa Kongo. Ndugu yake John akamfuata, na baada ya miezi michache tu John akafa. Peter alimtengenezea jeneza kwa mikono yake, akachimba kaburi, akamzika mwenyewe. Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kwanza. Sisi tulikuwa na kamati ya mazishi, tenti, viti vya kukodi na kikundi cha WhatsApp cha michango. Yeye alikuwa na jembe. Wanaosimulia maisha yake husema alijitoa upya kwa Mungu palepale kaburini. Mimi kaburini sikusema kitu kwa Mungu, na mwajua ninavyopenda kuongea.

Yeye mwenyewe akaugua, akarudi Uingereza akiwa dhaifu kabisa. Siku moja akaingia Westminster Abbey, London, alipozikwa David Livingstone, na kwenye jiwe la kaburi akasoma maneno ya Yohana 10 kuhusu wale kondoo wengine. Alikuwa na sababu zote za kubaki nyumbani. Badala yake akaanza kupanga vituo vya misheni kutoka pwani yetu hadi Ziwa Chad.

Agosti 1895 akasafiri na wenzake saba, dada yake Margaret akiwa mmoja wao, na Oktoba wakafika Mombasa. Reli ilikuwa haijaanza kujengwa. Kwenda bara ilikuwa ni miguu, wapagazi, na kutafuta maji. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Nzaui, Ukambani, na hapo ndipo Krismasi ya kwanza ilimkuta. Mwaka uliofuata kazi ikafika Sakai, Kilungu na Kangundo. Hata wazazi wake wakavuka bahari kuja kumsaidia.

Tarehe 4 Desemba 1896 akafa kwa ile homa mbaya ya malaria inayofanya mkojo uwe mweusi. Alikuwa na miaka 29. Tangu ashuke melini hata miezi 15 haikuwa imetimia.

Toka tarehe 4 hadi 25 ni siku 21. Mzazi ameuza vitu vyake, ameacha nyumba, amefuata mtoto wake mpaka Afrika, na Krismasi inafika udongo wa kaburi haujakauka.

Nilisomea biashara, kwa hivyo siwezi kujizuia kuangalia hesabu. Mwanzilishi amekufa. Baadaye wengine nao wanakufa, wengine wanaenda zao, halafu Ukambani inapigwa na ile njaa kubwa ya mwisho wa karne. Mtu angeniletea vitabu hivyo ofisini ningemwambia afunge duka kabla deni halijakua. Lakini Charles Hurlburt akachukua uongozi, na mwaka wa 1903 makao yakahamia Kijabe, huku kwetu bondeni. Ukienda Nairobi kwa barabara ya juu unapita karibu, Longonot ikiwa chini yako. Willis Hotchkiss, mmoja wa wale saba, alikuwa kati ya watatu walioanzisha misheni ya Kwekeri pale Kaimosi mwaka wa 1902, kisha akaja Lumbwa kwa Wakipsigis. Ndugu zetu wa AGC wanaanzia kwake.

Lakini hayo yote hayakumrudishia yule mama mwanawe. Nasema hivi kwa upendo: msiniambie kwamba ndugu yangu alichukuliwa ili kitu fulani kitokee. Mmoja wenu ameshaniambia. Najua alinitakia mema, lakini sikulala usiku ule.

Kilichonifariji ni Mathayo 2, ile sehemu tunayoiruka kila mwaka. Herode anatuma askari, na akina mama wa Bethlehemu wanalia na kukataa kunyamazishwa. Mathayo hakuwaficha. Aliwaweka humohumo ndani ya habari ya kuzaliwa kwa Yesu, na hakuna anayewakemea. Kwa hivyo Immanueli alikuja mahali ambapo watu walikuwa wanalia. Hilo naweza kulihubiri mwaka huu. Zaidi ya hilo sidhani.

Nimewaomba walimu wa Sunday School wasiikate sehemu hiyo kwenye mchezo wa watoto. Wamekubali, ingawa hakuna mtoto anayetaka kuwa Herode.

Ibada ya Krismasi ni saa tatu unusu. Najua nauli imepanda, na kuna nyumba ambazo tayari zinahesabu karo ya Januari. Njoo na nguo uliyo nayo. Mama yangu pia atakuja. Aliniuliza kwa simu kama ni lazima aimbe. Nimemwambia nitamwekea kiti nyuma, karibu na mlango.