Abraham Lincoln, Mjumbe wa Watu wa Shamba

Abraham Lincoln, aliyekuwa Rais wa 16 wa Marekani, ajulikana duniani kote kuwa ndiye aliyetangaza uhuru wa watumwa wa nchi ile. Lakini wengi wamjuao kwa jina hawajui jinsi alivyokaa miaka mingi katika vyeo vidogo, wala ni mara ngapi alishindwa alipotafuta vikubwa. Habari hizo ndizo tutakazozisoma hapa.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky, ndani ya kibanda cha magogo chenye chumba kimoja. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala. Mwaka 1816 walihamia Indiana, penye msitu mkubwa, na huko Abraham alishikishwa shoka angali mdogo ili asaidie kufyeka. Alipokuwa na umri wa miaka 9 mama yake alikufa. Mwaka uliofuata baba yake alimwoa mjane mmoja, jina lake Sarah, na mama huyu wa kambo alimpenda sana mtoto yule na kumpa moyo wa kusoma. Siku zote alizokaa shuleni, zikijumlishwa pamoja, hazikutimia mwaka mmoja. Elimu yake iliyobaki aliipata kwa vitabu vya kuazima.

Mwaka 1831 alifika New Salem, kijiji kidogo kando ya mto Sangamon katika jimbo la Illinois, akawa karani wa duka. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa na nguvu, mwingi wa hadithi, tena mwaminifu katika mambo ya fedha. Hata mwaka haujaisha, mwezi wa Machi 1832, akatangaza kwamba ataka kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo. Alikuwa na umri wa miaka 23. Aliandika maneno yake katika gazeti, akaeleza kwamba mto wao watengenezwa ili vyombo vipite, na kwamba elimu ni jambo kubwa kuliko yote ambayo watu waweza kuyashughulikia. Wala hakuficha kwamba yeye mwenyewe alitamani kuheshimiwa na wenzake, kwa kustahili heshima hiyo.

Kabla ya siku ya kura vita vilizuka kati ya Wazungu na Wahindi Wekundu wa mtemi Black Hawk. Lincoln alijitoa kwenda, na wenzake wakamchagua awe kapteni wao. Aliporudi, siku zilizobaki zilikuwa chache. Watu 13 walikuwa wakitafuta viti vinne, na Lincoln akawa wa nane. Lakini katika kura 300 za kijiji chake na jirani zake, alipata 277. Waliomjua walimchagua, na wasiomjua hawakumchagua. Hivyo akatambua neno alilopungukiwa.

Baadaye yeye na mwenziwe walinunua duka kwa mkopo. Biashara haikwenda, na mwenziwe akafa mwaka 1835, akamwachia deni la dola 1,100 hivi. Katika nchi ile mpya wadeni wengi walikuwa wakitoroka usiku. Lincoln hakutoroka, bali alilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi mpaka likaisha. Ili apate riziki alikuwa msimamizi wa posta wa kijiji, tena mpima mashamba. Kazi hizo zilimpeleka katika nyumba za mbali, akawapelekea watu barua zao na kuwapimia mipaka yao. Kupotea njia ndiko kujua njia. Mwaka 1834 alisimama tena, na safari hii akachaguliwa.

Hakuwa na mavazi ya kumfaa mjumbe. Alimwendea jirani mmoja akakopa dola 200, akatumia 60 katika kushonewa nguo, akaenda Vandalia, uliokuwa mji mkuu wa Illinois wakati huo. Katika mkutano wa kwanza alisema machache na kusikiliza mengi. Aliazima vitabu vya sheria kwa mjumbe mwenziwe, John Stuart, akavisoma peke yake, na mwaka 1836 akapata ruhusa ya kuwa wakili. Alichaguliwa tena mwaka 1836, 1838 na 1840, hivyo aliwawakilisha watu wake muda wa miaka 8.

Si kila alilolitenda katika Baraza lilikuwa jema. Mwaka 1837 wajumbe tisa wa wilaya yake, wote watu warefu, walifaulu kuuhamisha mji mkuu uwe Springfield, na jambo hilo liliwafaa watu wao. Lakini mwaka ule ule Baraza lilikubali kutumia dola milioni 10 na zaidi kwa ajili ya reli na mifereji. Biashara ya nchi ikaanguka, kazi zikakatika, na jimbo likabaki na deni zito. Lincoln alikuwa mmoja wa waliolishikilia shauri lile, na lawama ya deni ilimhusu naye pia.

Katika mwezi wa Januari mwaka huo huo likaja jambo jingine. Wajumbe waliletewa azimio la kuwalaumu watu waliodai utumwa ufutwe. Wajumbe 77 walilikubali, na 6 tu wakalikataa. Lincoln alikuwa mmoja wa hao sita. Halafu, tarehe 3 Machi, yeye na Dan Stone waliandika katika kitabu cha Baraza kwamba utumwa umejengwa juu ya udhalimu. Wakaongeza kwamba Bunge la nchi nzima halina mamlaka ya kuuondoa katika majimbo, wala hawakuwasifu wale waliodai ufutwe. Maneno yao yalikuwa ya tahadhari. Hata hivyo wachaguzi wengi wa Illinois walikuwa wametoka katika majimbo ya watumwa, na mtu aliyetaka kupanda cheo hakutarajia kupata faida kwa kuyaandika.

Naye alitaka sana kupanda. Mwaka 1843 alitaka kwenda katika Bunge la nchi nzima huko Washington, lakini chama chake kilimchagua mwingine. Alingoja zamu yake, akachaguliwa mwaka 1846. Huko alivilaumu vita vya Marekani na Meksiko, na watu wengi wa kwao wakachukizwa. Muda wake ulipokwisha, mwaka 1849, aliomba kuwa mkuu wa idara ya ardhi ya serikali, akanyimwa. Akarudi Springfield kufanya kazi ya uwakili, na watu wakadhani kwamba habari zake zimekwisha.

Mwaka 1854 Stephen Douglas, Seneta wa Illinois, alipitisha sheria iliyowaruhusu wakazi wa nchi mpya za Kansas na Nebraska kuamua wenyewe kama watakuwa na watumwa. Tangu mwaka 1820 utumwa ulikuwa umekatazwa huko. Lincoln akainuka tena, akazunguka akihutubia watu juu ya hatari ya sheria ile, na akatafuta kiti kimoja cha Seneti. Siku zile Seneta hakuchaguliwa na watu wote. Alichaguliwa na Baraza la jimbo, na desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1913.

Wajumbe walikutana tarehe 8 Februari 1855. Mshindi alihitaji kura 51. Katika kura ya kwanza Lincoln alikuwa mbele ya wote, akiwa na kura zaidi ya 40. Lyman Trumbull alipata tano tu. Trumbull naye alipinga kuenea kwa utumwa, lakini wale wajumbe watano walikuwa wa chama kingine cha zamani, nao hawakuwa tayari kumpa Lincoln kura zao. Kura zilipigwa tena na tena, na za Lincoln zikapungua. Ndipo Gavana Matteson, ambaye wapinzani wa sheria ile hawakumwamini, akakaribia kushinda. Lincoln alikuwa na mambo mawili mbele yake: kung'ang'ania kiti alichokitamani miaka mingi, au kuliokoa lile shauri lililomfanya akitafute. Akawaambia rafiki zake wamwache, wampe Trumbull kura zao. Wengine walisikitika mno, lakini walitii, na katika kura ya kumi Trumbull akashinda.

Wale watano hawakusahau. Lincoln aliposhindana na Douglas mwaka 1858 kwa ajili ya Seneti, walikuwa upande wake. Watu hao wawili walijadiliana mbele ya makutano mara saba. Baraza lilimchagua Douglas kwa kura 54 dhidi ya 46, lakini sasa nchi nzima ilimjua Lincoln. Mwezi wa Mei 1860 chama cha Republican kilikutana Chicago, na aliyesimama kulitaja jina la Lincoln kuwa mtu wa kugombea Urais alikuwa Norman Judd, mmoja wa wale watano. Tarehe 6 Novemba 1860 Lincoln alichaguliwa kuwa Rais.

Majimbo ya kusini yakajitenga, na vita vikaanza mwezi wa Aprili 1861. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln aliwatangazia uhuru watumwa wa sehemu zilizoasi. Mwezi wa Desemba 1865 Katiba ya nchi ilibadilishwa, na utumwa ukakatazwa kila mahali. Wala tusidhani kwamba tangu mwanzo aliona kila neno sawasawa. Katika majadiliano ya mwaka 1858 alikana kwamba ataka watu weusi wapewe kura. Lakini aliendelea kujifunza, naye aliona maelfu ya askari weusi wakipigania nchi. Tarehe 11 Aprili 1865 alisema hadharani kwamba angependa askari hao, na watu weusi wenye elimu, wapewe kura. Siku tatu baadaye alipigwa risasi, akafa asubuhi ya tarehe 15, akiwa na umri wa miaka 56.

Lincoln alitamani cheo tangu ujana wake, akalisema hilo wazi. Kutamani kazi ya kuwatumikia watu si kosa. Lakini mtu hupimwa siku ile cheo na haki vinapoachana njia, naye aweza kushika kimoja tu. Lincoln alipimwa hivyo mwaka 1855, mbele ya wajumbe wa jimbo lake, akaacha kiti.

Maswali
1. Kwa nini Lincoln alishindwa mwaka 1832, na kazi gani zilimsaidia kushinda mwaka 1834?
2. Alilipaje deni la duka, na jambo hilo laonyesha tabia gani?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe aliloliacha Lincoln mwaka 1855, na kwa nini aliliacha.
4. Mawazo yake juu ya kura za watu weusi yalibadilikaje kati ya mwaka 1858 na 1865?