Anni Albers

Anni Albers (jina la kuzaliwa: Annelise Fleischmann, Berlin, 12 Juni 1899 – Orange, Connecticut, 9 Mei 1994) alikuwa mfumaji, mbunifu wa vitambaa, mchapaji wa picha na mwalimu kutoka Ujerumani aliyeishi Marekani kuanzia mwaka 1933. Anahesabiwa kati ya watu waliochangia zaidi kukifanya kitambaa kilichofumwa kikubaliwe kuwa kazi ya sanaa, sawa na mchoro au sanamu. Anakumbukwa pia kwa namna yake ya kufundisha: mwanafunzi alianza kwa kugusa na kujaribu vitu vya kawaida, kisha ndipo akajifunza kanuni.

Maisha ya awali

Annelise alizaliwa katika familia tajiri ya Berlin yenye asili ya Kiyahudi, ingawa yeye alibatizwa katika Uprotestanti. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa samani, na mama yake alitoka katika ukoo wa Ullstein, wachapishaji wakubwa wa magazeti na vitabu. Alijifunza uchoraji kwa miaka kadhaa, kisha akasoma kwa muda mfupi katika shule ya sanaa za ufundi mjini Hamburg.

Mwaka 1922 aliingia Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyoanzishwa na msanifu majengo Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919. Ombi lake la kwanza lilikuwa limekataliwa. Huko alikutana na Josef Albers, aliyekuwa akifanya kazi za vioo, wakafunga ndoa mwaka 1925.

Bauhaus na karakana ya ufumaji

Bauhaus ilitangaza kwamba wanawake na wanaume wangepokewa kwa usawa. Kwa vitendo, wanawake wengi walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, ambayo wakati huo ilionekana kuwa na hadhi ndogo kuliko karakana nyingine. Anni alitaka kujifunza kazi ya vioo lakini hakupata nafasi, akaingia ufumaji bila kupenda. Baadaye mpaka aliowekewa ukawa ndio msingi wa kazi yake: alitambua kwamba nyuzi zina kanuni zake, na kwamba kanuni hizo humpa msanii mahali pa kuanzia.

Kila kitambaa kilichofumwa kina aina mbili za nyuzi. Mtande ni nyuzi zinazonyooshwa na kukazwa kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kazi kuanza. Mshindio ni uzi unaopitishwa kati ya nyuzi hizo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mfumaji akibadilisha mpangilio wa kupishana kwa nyuzi, unene wake au mali iliyotumika, kitambaa hubadilika sura, uzito na nguvu. Katika karakana hiyo walimu na wanafunzi walijifunza kwa pamoja kwa kujaribu, na aliyeongoza kwa ujuzi alikuwa Gunta Stölzl, ambaye mwenyewe alianza akiwa mwanafunzi wa Bauhaus. Mchoraji Paul Klee, aliyewafundisha wafumaji masomo ya umbo, alikuwa na athari kubwa kwa Anni.

Baada ya shule kuhamia Dessau, karakana ilianza kutafuta vitambaa vinavyoweza kutengenezwa viwandani. Kwa kazi yake ya diploma ya mwaka 1930, Anni alibuni kitambaa cha ukutani kwa ajili ya ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi mjini Bernau, jengo lililosanifiwa na Hannes Meyer. Ukumbi huo ulikuwa na mwangwi. Upande wa nyuma wa kitambaa ulikuwa wa uzi wa pamba wenye vinyweleo, uliomeza sauti; upande wa mbele ulikuwa na selofani, iliyorudisha mwanga ndani ya ukumbi. Hivyo kitambaa kimoja kilifanya kazi mbili, na sura yake ilitokana na kazi hizo, si na maua au picha zilizoongezwa juu.

Mwaka 1931 Stölzl alipoondoka, Anni alishika uongozi wa karakana kwa muda. Mwaka 1933 Bauhaus, iliyokuwa imehamia Berlin, ilifungwa kutokana na shinikizo la Wanazi.

Kuhamia Marekani na ualimu

Kwa familia ya asili ya Kiyahudi, kubaki Ujerumani kulikuwa hatari. Kwa msaada wa Mmarekani Philip Johnson, Josef na Anni walialikwa kufundisha katika chuo kipya cha Black Mountain, North Carolina, wakafika Novemba 1933. Wazazi wa Anni nao baadaye walikimbilia Marekani.

Anni alifundisha Black Mountain hadi mwaka 1949. Hakuanza na mashine. Aliwataka wanafunzi wajifikirie wako Peru ya kale bila kifaa chochote, kisha wavumbue upya hatua kwa hatua kila kinachohitajika ili kupata kitambaa. Walitumia kitanda cha mfumi cha kiunoni: ncha moja ya mtande hufungwa kwenye mti au nguzo, na nyingine kwenye mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji, ambaye huukaza au kuulegeza mtande kwa kuusogeza mwili wake.

Kabla ya kugusa uzi, wanafunzi walichunguza sura ya uso wa vitu. Walipanga punje za mahindi, walisokota na kutoboa karatasi, walitumia majani na vipande vya chuma, hata wakarudia herufi za mashine ya taipu mpaka ukurasa ukafanana na kitambaa. Lengo lilikuwa kuzoeza macho na vidole kutofautisha kikwaruzo na ulaini, kinachong'aa na kilichofifia, kabla ya kuingia gharama ya nyuzi na muda.

Mwelekeo huo ulionekana pia katika vito alivyobuni pamoja na mwanafunzi wake Alex Reed baada ya kuona hazina za kale za Monte Albán nchini Meksiko. Mkufu mmoja maarufu ulitengenezwa kwa chujio la sinki, mnyororo na vibanio vya karatasi.

Mafunzo kutoka Amerika ya kale

Tangu ujana wake Anni aliwahi kuona vitambaa vya Peru ya kale katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Kuanzia mwaka 1935 yeye na Josef walisafiri mara nyingi Meksiko, na baadaye walifika Peru. Katika vitambaa hivyo alijifunza mbinu kadhaa, zikiwemo kufuma tabaka mbili kwa wakati mmoja, kusokotanisha nyuzi za mtande ili kupata kitambaa chenye matundu, na kuongeza mshindio wa ziada unaoelea juu ya kitambaa kama mstari wa kalamu. Mbinu hizo zinaonekana katika kazi zake za kutundikwa ukutani, kama Ancient Writing ya mwaka 1936. Kitabu chake On Weaving, yaani Kuhusu Ufumaji, kilichotoka mwaka 1965, alikitunuku kwa wafumaji wa Peru ya kale, aliowahesabu kuwa walimu wake.

Kazi za baadaye

Mwaka 1949 jumba la Museum of Modern Art, New York, lilifanya maonyesho ya kazi zake. Alikuwa mfumaji wa kwanza kupewa huko maonyesho ya peke yake. Mwaka 1950 alihamia New Haven, Josef alipopata kazi Chuo Kikuu cha Yale. Alibuni pia vitambaa vya viwandani kwa kampuni ya Knoll.

Mnamo 1965–1966, kwa ombi la Jewish Museum ya New York, alifuma Six Prayers: vipande sita virefu vya pamba, kitani na uzi wa fedha, kwa kumbukumbu ya Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi. Hakuna picha ya mtu wala neno linalosomeka. Huzuni imebebwa na njia ya uzi wenyewe.

Kuanzia miaka ya 1960 alijifunza uchapaji wa picha, na karibu na mwaka 1970 aliacha kufuma. Josef alifariki mwaka 1976. Anni aliendelea na uchapaji hadi uzeeni.

Urithi

Maonyesho makubwa ya kazi zake yalifanyika Tate Modern, London, mwaka 2018. Taasisi ya Josef na Anni Albers huko Connecticut hutunza kazi zao, na imegharimia pia kituo cha utamaduni katika kijiji cha Sinthian, Senegal, kilichofunguliwa mwaka 2015. Mazoezi yake ya kuanza na vitu vilivyo karibu yangali yakitumika katika mafunzo ya ubunifu wa vitambaa, kwa kuwa hayahitaji karakana yenye vifaa vya bei kubwa.